Usiupe Ubovu Jina la Spea

Mafundi wa magari wa Mombasa hawana haja kubwa na neno cheche. Wao husema moto. Waya wenye umeme ni waya wa moto. Plagi nzima inatoa moto, plagi mbovu haitoi moto, na koili iliyochoka inatoa moto mwekundu mahali pa moto wa buluu. Silinda moja ikikosa kuwaka, gari linamisi. Mafuta yakiwaka kwenye ekzosi, gari linapiga bunduki. Likivuta kwa kusitasita, linakohoa.

Niliyakusanya maneno haya kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili katika isimu. Kila likizo nilipanda treni kutoka Nairobi na daftari na simu ya kurekodia, nikazunguka gereji za Shimanzi na Changamwe nikisikiliza jinsi fundi anavyomweleza mwenye gari kilichoharibika. Jedwali langu lilikuwa na safu tatu: neno, maana, na mfano wa matumizi. Neno lililojirudia kuliko yote lilikuwa "imekufa". Koili imekufa. Kondensa imekufa. Betri imekufa. Ni neno la mkato. Fundi akishalitamka, mwenye gari anatoa pesa na maswali yanakwisha.

Ami yangu alinikataza kulitamka mbele ya gari lake.

Ami ni ndugu mdogo wa baba, na ni fundi umeme wa magari. Nasema "ni" ingawa ana zaidi ya miaka miwili hajapokea kazi. Kisukari kimelichukua jicho lake la kushoto lote, na la kulia linaona kama mtu anayetazama kupitia kioo kilichopakwa mafuta. Anajua wewe ni nani kwa sauti na kwa unavyotembea. Chai anajimiminia mwenyewe, kidole kimoja kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Lakini pengo la nusu milimita halioni tena, na kazi yake yote ilikuwa ya mapengo kama hayo.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Nissan ililitoa mwaka 1969 na ikaendelea kuliuza hadi 1973: milango miwili, viti viwili, boneti refu kama omo ya jahazi, na chini yake silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Kwetu Afrika Mashariki halikuwa gari la picha za magazeti tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari Rally, yale mashindano ya Pasaka, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta ndani ya 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda yeye mwenyewe, Lofty Drews akiwa kando yake. Ami alikuwa na miaka 15 ile Pasaka ya 1971. Alifuata mashindano kwenye redio ya duka la jirani, na anasema aliyajua majina ya madereva kabla hajajua kukanyaga klachi. La kwake alilinunua mwaka 1988, likiwa limesimama miaka miwili kwenye banda la mfanyabiashara mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria.

Mwaka huu aliamua kuliuza. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba jicho la kulia bado linaweza kushikiliwa kwa sindano, moja kila mwezi kwa kuanzia, kisha waone. Bima yake haikufika huko. Akatokea mnunuzi kutoka Nairobi, mtu anayependa magari ya zamani, akasema wazi: likitembea, milioni mbili, lisipotembea, laki saba. Kwa ami tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ilikuwa hesabu ya jicho.

Na gari lilikuwa halitembei. Au tuseme, lilikuwa linatembea kwa dakika 20. Asubuhi liliwaka kwa mguso wa kwanza, likanguruma vizuri, likatoka. Likishapata joto lilizima ghafla, popote lilipo. Likikaa nusu saa, liliwaka tena kama lililotaka kupumzika tu.

Mwanawe wa kwanza, kwa nia njema, alilipeleka kwenye gereji moja mjini. Fundi wa kwanza alisema koili imekufa, wakaweka mpya. Likawaka, wakalipa, likazima njiani. Wa pili akasema kondensa imekufa. Ikaja kondensa mpya, likawaka, wakalipa, likazima njiani. Zikafuata kontakti, plagi sita, kifuniko cha distribyuta, na mwisho waya zote za plagi. Ilipofika shilingi 31,000, mmoja wao akashauri injini nzima ing'olewe iwekwe ya Toyota.

Nilipofika likizo ya Februari, katikati ya joto la kaskazi, ami alikuwa amekaa barazani na kopo la biskuti mapajani. Ndani yake mlikuwa na spea zote zilizotolewa, kila moja imefungwa kwa gazeti.

"Wameniletea maiti sita," aliniambia. "Nami nataka kujua ni ipi iliyokufa kweli. Wewe una macho. Kaa hapa."

Nilimweleza nilichosikia gereji, kwamba koili imekufa. Akainua mkono.

"Hilo si neno la ubovu, mwanangu. Hilo ni neno la duka. Usiupe ubovu jina la spea kabla hujauona. Sema unachokiona: linazima lini, linazima vipi, linarudi baada ya muda gani. Jina la spea liache mwisho."

Siku ile niliyaandika maneno hayo kwa ajili ya jedwali, kama mfano wa matumizi. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha njia ya kufikiri.

Zile spea sita zilimghadhibisha kwa sababu hii. Ubovu unaokuja na joto na kuondoka na baridi humfanya kila mwenye kubahatisha aonekane bingwa. Fundi hubadilisha kitu gari likiwa limesimama. Muda wa kubadilisha ndio muda wa kupoa. Gari likiwashwa linawaka. Ungeweza kubadilisha taa ya nyuma, nalo lingewaka. Kila spea ilikuwa na ushahidi wake wa uongo, wa dakika 20. Hata mimi, niliyefunzwa darasani kwamba jambo kutangulia jingine hakulifanyi kuwa sababu yake, nilipoambiwa "walibadilisha koili likawaka" masikio yangu yalisikia dawa na uponyaji.

Tulianza na njia ya moto. Ami alinitaka niijue kwa kichwa kabla sijashika spana, nikaisema kama mtoto wa chuoni anayesoma sura. Moto unatoka kwenye betri, volti 12. Unapita kwenye swichi ya ufunguo. Katika gari hili unazunguka kwanza nyuma ya dashibodi, kwenye mita inayoonyesha mizunguko ya injini, kwa sababu mita hiyo huhesabu mizunguko kwa kuuhisi mkondo unaokwenda kwenye koili. Unatoka hapo hadi kwenye rezista, kidude cheupe cha udongo wa kuchoma kinachopunguza volti ili koili isiungue. Unaingia koili. Unatoka koili kwenda kwenye distribyuta, na ndani yake kuna kontakti, vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufunguka. Zikifunga, mkondo unapita na koili inajaa nguvu ya sumaku. Zikifunguka, sumaku inaporomoka, na katika kuporomoka kwake inazalisha maelfu ya volti upande wa pili wa koili. Hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Rota inazigawa kwa zamu: 1, 5, 3, 6, 2, 4.

"Mara ngapi?" aliniuliza.

Nikapiga hesabu. Injini ya silinda sita inahitaji moto mara tatu kwa kila mzunguko. Ikiwa imetulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, ni mara 2,400 kwa dakika, yaani 40 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 6,000 ni mara 300 kwa sekunde.

"Basi," akasema, "kitu kinachofanya kazi mara 300 kwa sekunde hakifi ovyo kama watu wanavyosema. Kinadhoofika, na kudhoofika kuna dalili zake."

Siku ya kwanza tulikagua kila kitu gari likiwa baridi. Nilivua kifuniko cha distribyuta nikatafuta ufa na mistari myeusi ya kaboni, kama nywele, ambayo moto huweza kuifuata ukapotelea pembeni. Haikuwapo. Nikapima pengo la kontakti, nusu milimita, kwa kibapa cha chuma. Yeye akalipima tena kwa kukipitisha kibapa kilekile na kusikiliza kinavyokwaruza. Akasema kinabana sawa. Plagi zilikuwa na pengo la milimita 0.8 na rangi ya kahawia ya maziwa, rangi ya injini inayoungua vizuri. Nilishika waya wa koili kwa koleo la mpira, mwisho wake karibu na chuma, yeye akapiga stata. Moto ukaruka, wa buluu, na mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika. Ami alitabasamu kabla sijasema rangi. Moto wa buluu, alisema, una sauti yake.

Nilidhani tumeshindwa. Kila kitu kilikuwa kizima. Yeye aliona tumemaliza nusu ya kazi.

"Gari zima halisemi kitu," alisema. "Kesho tunalitafuta likiwa gonjwa."

Tulitoka saa saba mchana, makusudi, jua likiwa utosini. Mimi usukani, yeye kiti cha abiria, madirisha wazi, testa ya taa mapajani mwake. Testa hiyo ni balbu ndogo ya gari yenye waya mbili. Aliitengeneza mwenyewe zamani. Tulishuka kutoka Tudor, tukakwama kwenye foleni ya Buxton, tukavuka Daraja la Nyali. Maagizo yalikuwa mawili tu. Likizima, nisikanyage klachi, niliache lijikokote kwenye gia. Na macho yangu yasiwe barabarani peke yake, yawe pia kwenye mshale wa mita ya mizunguko.

Lilizima baada ya Kongowea. Lilinyamaza bila kukohoa wala kusitasita, kama redio iliyochomolewa. Niliuona mshale. Gari lilikuwa bado linakwenda, magurudumu yakiizungusha injini kupitia gia, na mshale ulikuwa tayari umelala kwenye sifuri.

"Mshale?" aliuliza ami.

"Umeanguka."

"Umeanguka pamoja na injini, au kabla?"

"Kabla. Injini inazunguka bado."

Akapiga paja. "Stima. Petroli tusahau."

Nilielewa baadaye, tukiwa tumeegesha chini ya mkwaju. Gari likikosa petroli, moto wa plagi unaendelea, mkondo unaendelea, na mita inaendelea kuhesabu. Mshale unashuka taratibu pamoja na injini. Mshale ukianguka huku injini inazunguka, maana yake mkondo wa koili umekatika, kwa kuwa mita hiyo haijui kitu kingine. Kwa swali moja tulikuwa tumeitoa nusu ya gari katika orodha ya washukiwa: tangi, pampu, kabureta zote mbili.

Nilishika mlango nikafungue boneti. Akanizuia. Ubovu ulikuwa hapo, moto, mbele yetu, na kila dakika iliyopita ulikuwa unapoa.

"Piga stata kwanza."

Nilipiga. Injini iliwaka. Nilipoachia ufunguo, ikazima. Nikarudia mara tatu: ufunguo ukiwa kwenye stata, inawaka, ukiachia, inazima. Ami akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chini.

Stata inapozungusha injini inainyonya betri, na volti zinashuka. Kwa hiyo watengenezaji waliweka njia ya pili: ufunguo ukiwa kwenye stata, moto unaikwepa rezista na kufika koili moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, unarudi kwenye njia ya kawaida. Ikiwa injini inawaka kwa njia ya pili, basi koili ni nzima, kontakti ni nzima, kondensa, rota, kifuniko, waya na plagi, vyote vizima, kwa maana vyote vinatumika katika njia zote mbili. Ubovu uko mahali ambapo njia ya kwanza iko peke yake: swichi, mzunguko wa nyuma ya dashibodi, au rezista. Vitu vyote sita vya kwenye kopo la biskuti viliachiwa huru kando ya barabara, kwa kupiga stata mara tatu.

Niliuliza kwa nini fundi wa gereji hakuliona hilo, maana aliniambia alipima waya kwa mita ya dijitali na akapata volti 12 kamili.

"Alipima kontakti zikiwa wazi," ami alisema. "Fikiria mfereji uliojaa kutu ndani. Ukiufunga na kungoja, presha itapanda mpaka iwe sawa na ya tangi. Utasema bomba zima. Ufungue sasa, uone maji yatakavyotoka kama uzi. Waya mpime akiwa kazini."

Ndiyo maana ya testa ya taa. Mita ya dijitali haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hata waya ulioshikwa na uzi mmoja utaionyesha volti zote. Balbu inakula mkondo. Ikiwa njia imeziba, itakuambia kwa kufifia. Aliniagiza niunganishe upande hasi wa koili na bodi ya gari kwa kipande cha waya, ili mkondo upite kontakti ziwe wazi au zifunge. Nikawasha swichi, nikagusisha testa mahali moto unapoingia kwenye rezista. Balbu ilitoa rangi ya chungwa iliyooza. Nikaenda chini ya usukani, kwenye waya unaotoka kwenye swichi. Balbu ikawaka nyeupe.

Basi swichi ilikuwa nzima, na rezista ilikuwa inapokea moto uliokwisha kudhoofika. Kilichobaki katikati ni mita ya mizunguko na viungo vyake viwili. Nililala chali kwenye sakafu ya gari, miguu ikiwa nje mlangoni, watu wa Kongowea wakipita na kunitazama. Nilipapasa nyuma ya dashibodi. Kiungo cha kwanza kilikuwa na ubaridi wa kawaida. Cha pili kilinichoma kidole.

"Ami, hiki kina moto."

"Kibonye."

Nilikibonya, na testa niliyoiacha kwenye rezista, ami ameishika, ikang'aa. Yeye aliuona mwanga huo. Mwanga anauona bado. Nikaachia, ukafifia. Nikabonya tena.

Tulipokitoa, plastiki yake ilikuwa ya kahawia na imelainika upande mmoja, na chuma cha ndani kilikuwa na ukoga wa kijani. Ni chumvi ya hewa ya Mombasa na miaka zaidi ya 50. Mkondo unaopita pale si mkubwa, lakini ukipita kwenye kutu hugeuka joto. Joto hupanua chuma, chuma kikilegea huongeza joto, mpaka njia inakatika. Kikipoa hujikaza, na gari linafufuka. Kipande chenyewe hakifiki ukubwa wa punje ya kunde.

Nilikata waya hadi kwenye shaba safi, nikabana terminali mpya pande zote mbili, nikapaka grisi. Gharama: shilingi 80. Kisha nikapima volti zinazopotea kwenye kiungo mkondo ukipita. Hazikufika hata moja ya kumi ya volti. Kesho yake tuliendesha hadi Mtwapa na kurudi, kisha Mtwapa tena, saa mbili nzima juani, mshale haukutikisika. Nyumbani ami alinifanya nirudishe koili ya zamani kutoka kwenye kopo, tukaendesha tena. Ilikuwa nzima. Alitaka kusikia hilo kwa masikio yake kabla hajalisahau jambo.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Aliuliza tatizo lilikuwa nini, na nilitegemea ami aseme "waya tu", kama wauzaji wote. Alimsimulia yote tangu mwanzo: dakika 20, mshale, stata, testa, kiungo. Akampa kiungo kilichoungua mkononi, na kopo la biskuti. Mtu yule alilipa milioni mbili bila kubisha. Gari lilipotoka ami alibaki barazani akilisikiliza mpaka kona ya msikiti, kisha akaomba maji.

Tasnifu yangu imebadilika. Jedwali sasa lina safu ya nne: je, jina hili linataja kinachoonekana, au linataja kinachouzwa? Linamisi, linakohoa, linazima likipata joto, hayo ni majina ya aina ya kwanza. Yanaacha mlango wazi. Koili imekufa ni la aina ya pili. Msimamizi wangu aliniuliza kama tofauti hiyo ina uzito wa kitaaluma. Nilimjibu kwamba katika nyumba moja ya Tudor uzito wake ulikuwa shilingi milioni moja na laki tatu, na anaweza kuanzia hapo.

Lakini uzito nilioubeba mimi ni mwingine. Jicho la kushoto la ami halikupotea siku moja. Lilianza kwa madoa, likafuata ukungu, na kwa karibu miaka miwili kila aliyemuuliza alijibiwa kwa neno moja: uzee. Sisi sote tulilipokea. Ni neno la heshima, linafunga mazungumzo vizuri, na hakuna mtoto anayembishia mzee kuhusu uzee wake. Hakuna aliyeuliza linafifia lini, linafifia vipi, linarudi baada ya muda gani. Fundi ambaye hakuruhusu jina la spea litamkwe mbele ya gari lake alilipa jicho lake jina la dukani, na lile jina likafanya kazi yake.

Nilimpeleka kwa sindano ya kwanza kabla sijarudi Nairobi. Daktari, kijana kidogo kunizidi, aliuliza huku anaandika: "Mzee, jicho hili lina shida gani?"

Nilingoja. Ami aliweka mikono magotini.

"Asubuhi nikiamka, ukungu ni mzito," alisema. "Kufika saa nne unapungua. Nikitazama fremu ya mlango, upande mmoja unapinda, hapa katikati, pembeni umenyooka. Haukuwa unapinda mwezi wa kumi na moja. Sukari ikipanda, maandishi yanacheza kwa siku mbili tatu, kisha yanatulia. Rangi naona, ila nyekundu imechujuka."

Daktari aliacha kuandika. Alivuta kiti karibu.

"Endelea, mzee," alisema. "Huo mlango ulianza kupinda lini hasa?"